Mlango Mwepesi

Dukani kwangu hapa Muyinga kuna neno moja ambalo mteja akilitamka nageuka mbogo: nichagulie. Mtu kaja kwa miguu yake, kaulizia simu, nimempangia sita mezani, halafu anarudi nyuma hatua moja, anakunja mikono kifuani na kusema, "Weye iko unajua, nichagulie." Nawauliza, mke nani alikuchagulia? Wengine wanacheka, wengine wananuna, na mjini najulikana kama yule mama wa simu mwenye mdomo. Sawa. Sababu sijawahi kuieleza, na nisingeieleza leo kama wiki iliyopita, saa nne asubuhi, mwanamke mmoja kutoka Buhinyuza asingeingia na msichana nyuma yake, akafunga mwavuli, akazitazama simu zote bila kugusa hata moja, kisha akasema neno lile lile. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimjibu. Akacheka, na kicheko kile nilikijua kabla sijaujua uso. Alikuwa Goreth. Tuliishi chumba kimoja Gitega mwaka mzima tukiwa wasichana, na kwa miaka kumi na miwili nimekuwa nikiomba Mungu asije akakanyaga dukani kwangu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa. Habari za kambi na za kurudi kutoka Tanzania naziacha, wengi wameshazisimulia. Itoshe kusema nilirudi na Kiswahili cha shule, Kirundi cha kuokoteza na Kifaransa sifuri, kwa hiyo darasani hapakuwa na nafasi yangu, na kazi niliyoipata ilikuwa kwenye duka la simu karibu na soko la Gitega, kwa Mama Mapendo, mfanyabiashara wa kutoka Uvira, Kongo. Kilikuwa chumba kirefu chembamba, kabati la kioo upande mmoja, benchi la wateja upande mwingine, na mwisho kabisa pazia la kitenge ambalo nyuma yake maharage yalichemka juu ya jiko la makaa tangu asubuhi, hata simu mpya kwenye maboksi zilinuka kitunguu. Mama Mapendo alikaa kwenye stuli ndefu mlangoni. Nilidhani anakaa pale apate hewa. Ilinichukua wiki nzima kugundua kwamba anakaa pale ili aone miguu ya watu kabla hajaona nyuso zao. Mtu akikanyaga kizingiti tu, yeye kashamaliza hesabu yake, ananiambia kwa sauti ya chini, "Angalia huyu, udongo ya Gishubi mupaka ku magoti. Mupe ile ya kidogo, umufungulie mulango mwepesi." Akiingia mwenye viatu vya ngozi, sauti ilipanda na tabasamu likatoka: "Karibu papa, ikala. Unapenda namna gani?"

Mlango, pale dukani, ndilo jina tulilokiita kivinjari. Neno kivinjari nililijua peke yangu, nikalitumia mara moja, wakanicheka siku tatu. Kila simu ya kugusa iliyotoka mikononi mwetu ilikuwa na milango miwili ya kuingilia intaneti. Mlango mzito ulikuja na simu yenyewe, ulileta ukurasa mzima kama ulivyotengenezwa, na ulikula mega, yaani bando, bila huruma. Mlango mwepesi tuliuweka sisi. Huo uliubana ukurasa kabla haujafika kwenye simu, na sisi tukaongeza letu: tukauzimia picha zote, yabaki maandishi matupu. Kisha mlango mzito tukauficha ndani kabisa ya simu ili mtu wa kilimani asiukanyage kwa bahati mbaya, mega zake zikaisha kwa siku moja, akarudi kutuambia simu yetu mbovu. Mama Mapendo hakuwa na subira na simu inayorudi. Kazi ya kupanga milango ilikuwa yangu, na niseme ukweli, niliipenda. Nilijiona mjuaji kweli kweli. Wakulima wa Itaba na Gishubi walinikabidhi simu zao kwa mikono miwili, nikazirudisha zimeshapangwa, wakanishukuru. Hakuna hata mmoja niliyemuuliza, wewe unataka kufanya nini na simu hii? Hasira niliyonayo leo inaanzia hapo. Mwenye ngozi mguuni aliulizwa, mwenye udongo alipangiwa, na mpangaji nilikuwa mimi, niliyefika nchini na udongo mguuni kuliko wote.

Chumba chetu mimi na Goreth kilikuwa mtaa wa Magarama, nyuma ya nyumba ya mama mmoja mjane aliyefuga mbuzi. Dirisha moja lenye kadibodi badala ya kioo, kitanda kimoja cha mbao tulichopokezana na godoro la chini kwa zamu za wiki, na kamba ya nguo iliyokatiza chumba katikati. Goreth alitoka Itaba. Alikuwa amemaliza sekondari na anasuka nywele sokoni huku akingojea kuomba nafasi katika shule moja ya uuguzi, na Kiswahili chake alikiokota kwenye vichwa vya wateja wake, Wakongomani wengi. Chakula chetu kilikuwa ugali wa muhogo na mboga ya lengalenga, dagaa wa ndagala tukijaliwa, na Jumapili ndizi na maharage. Alikuwa akikoroga ugali anataja mifupa ya mwili kwa Kifaransa, kutoka fuvu mpaka vidole vya mguu, na akisahau mmoja anaanza upya, ugali ukiungua sawa tu. Mjane alikuwa akimsikia kupitia ukutani. Siku moja nilimsikia anamwambia mgeni wake, "Yule wa Itaba atakuwa infirmière, nikizeeka atanipiga sindano ya bure." Goreth aliweka mwiko chini, akaniangalia, akafunika mdomo kwa kiganja. Sijamwona mtu akitaka kitu kwa namna ile, kabla wala baadaye.

Shule ile, jina lake nimeamua kutolitaja, mwaka huo ilikuwa imeacha karatasi. Maombi yalipitia kwenye mtandao tu. Goreth akaweka akiba yake ya kusuka miezi mitano, akaja dukani mchana mmoja, akasimama mbele ya kabati la kioo kama mteja mwingine yeyote. Akaonyesha kwa kidole simu pana ya rafu ya juu. "Mi nataka ile kubwa. Kwa ile naweza soma vizuri." Nitakachosema sasa sijawahi kumwambia hata padri. Nilimtazama miguu. Rafiki yangu, niliyekula naye sahani moja, nilimtazama miguu kwanza, nikaona kandambili zilizofungwa kwa waya.

"Ile itakumalizia mega kabla hujafika nyumbani," nikamwambia. "Chukua hii ndogo, nakuwekea mlango mwepesi."

"Na picha?"

"Picha za nini? Unataka kusoma au unataka kuangalia picha?"

Mama Mapendo akacheka kutoka kwenye stuli yake. Goreth naye akacheka, maana alikuwa mtu wa kucheka upesi, akasema, "Ego, sawa, weye iko unajua. Nichagulie." Nikamchagulia. Nikazima picha, nikauficha mlango mzito, nikamkabidhi. Alikuwa na pesa za ile kubwa mkononi, jamani. Alikuwa nazo, amezikunja kwenye kitambaa.

Fomu tuliijaza Jumapili baada ya misa, tumekaa kitandani, sahani ya ndizi katikati yetu. Kifaransa chote alikisoma yeye na majibu yote aliandika yeye, kwa uangalifu, akirudia kila jina la shule aliyosoma na kila alama ya mtihani, akinakili kutoka kwenye karatasi aliyoinyoosha pajani. Ilituchukua mchana wote kwa sababu réseau, mtandao wenyewe, ilikuwa inakwenda na kurudi. Tulipofika chini kabisa ya ukurasa, maandishi yakaisha. Palikuwa na kimraba kitupu tu, kimezungushiwa mstari mwembamba, hakina neno ndani.

"Na hapa?" akauliza. "Hapa iko nini?"

"Picha tu. Pambo lao."

"Bouton ya kutuma iko wapi?"

"Kitufe cha nini? Ukishafika chini imeshaingia. Zote ziko hivyo."

Hazikuwa hivyo. Sikuwahi kujaza fomu ya mtandao maishani mwangu, nilitunga pale pale, kwa sababu nilikuwa binti wa duka la simu na kusema sijui kungeniua. Naye hakuridhika. Alikishusha kidole gumba kwenye kile kimraba, na mimi nikakishika. Nikakishika kidole chake kabla hakijagusa kioo, nikamwambia, "Usibonyeze, italeta picha, itakula mega." Akakirudisha. Tukafunga simu, tukamaliza ndizi, akaimba jioni ile yote.

Majina ya waliochaguliwa yalibandikwa kwenye ukuta wa geti la shule. Alikwenda kwa miguu asubuhi, na saa sita akaja dukani, akasimama katikati ya wateja wawili waliokuwa wakijaribu chaja. "Sipo," akasema. Nikamwambia labda hakuangalia vizuri. Aliangalia mara nne, alisema, mpaka mlinzi akamsomea yeye. Mama Mapendo akashuka kwenye stuli, akamshika bega, akasema, "Pole, mama. Masomo haiko ya kila mutu." Goreth akaitikia kwa kichwa. Akasema, "Ni chimie. Mi nilijua chimie itaniangusha." Alikuwa na alama za kutosha za kemia. Nilizisoma pajani kwake kwa macho yangu. Lakini alihitaji sababu, na kwa kuwa hakuna aliyempa, akaitoa mwilini mwake mwenyewe. Jioni ile hakukoroga ugali wala hakutaja mfupa hata mmoja. Daftari lake la biolojia akaniachia la kuwashia jiko, na kabla ya mwezi kwisha alikuwa amerudi Itaba kulima na mama yake.

Miezi minane baadaye shule ikafungua tena maandikisho. Akaja baba mmoja mwenye viatu vya ngozi na simu pana, akaniomba nimsaidie kumwandikisha binti yake, kwa kuwa macho yake yanasumbua; Kifaransa cha kutosha fomu nilikuwa nimeshakiokota dukani. Simu ya mwenye viatu vya ngozi ilikuwa na milango yote miwili wazi. Nikaingia kwa ule mzito. Ukurasa ulikuwa ule ule, maswali yale yale. Nikashuka mpaka chini, na pale ambapo kwa Goreth palikuwa na kimraba kitupu, kulikuwa na kitufe cha kijani chenye herufi nyeupe: Envoyer, yaani tuma. Kitufe chenyewe kilikuwa picha. Walikichora kama picha, na mimi nilikuwa nimezima picha zote. Nilimaliza kumsaidia yule baba. Kisha nikaenda nyuma ya pazia, ambako Mama Mapendo alikuwa anakula sombe, kisamvu cha kwao, nikamweleza kila kitu kwa pumzi moja.

Hakushtuka. Alimaliza kutafuna kwanza. "Ile? Mi naijua. Mwalimu moja alileta ile plainte, analalamika, tangu mwaka jana, hata kabla ya Goreth. Nilimuambia ni réseau."

"Ulijua, ukaniacha niendelee?"

"Ningekuambia, ungefungua picha ku simu zote. Mega zingeisha, batu bangerudisha simu zote hapa. Halafu, Eliza, ujisikilize kwanza. Batu ba ku milima banaombaka nini ku internet? Bananunuaka simu juu ya kuongea."

Nilitaka kuichukua ile sahani ya sombe niimwage barazani, watu wote wa soko waone. Nilitaka kupanda kwenye benchi nitangaze, leteni simu zenu zote, tumewafungia. Nimeipanga hotuba ile kichwani mara nyingi na kila mara inatoka safi. Lakini sikuitoa. Mama Mapendo aliuona uso wangu, akavuta stuli ya pili kwa mguu, akanisogezea sahani, akasema, "Ikala, ukule." Nikakaa, nikala. Nikafanya kazi pale miezi mingine mitano, nikizima picha.

Hilo bado silo lililo baya zaidi. Maandikisho yalikuwa wazi wiki mbili nzima. Namba ya Goreth ninayo, simu ile ndogo anayo, Itaba si mwezini. Niliandika ujumbe wote: Goreth, hukushindwa, hawakukusoma, jaribu tena, nakuja mwenyewe na simu kubwa. Nikaufuta. Nikauandika tena, nikaufuta. Nilimwogopa yeye kuliko nilivyomwogopa Mama Mapendo, maana ningeanzia wapi, kwenye kitufe au kwenye kidole chake nilichokishika? Nikajitia hamnazo. Siku ya kumi ukaingia ujumbe wake, kutoka kwenye simu ile ile niliyomchagulia: amepata mchumba, ni mtu wa Buhinyuza, naye alikulia Tanzania kama wewe, niombee, na arusi usikose. Nikajiambia, basi, ameshapata njia yake, kwa nini nimvuruge. Nikamjibu hongera. Arusini sikwenda. Nilipofungua duka langu nililifungua Muyinga, mkoa ule ule alioolewa, kwa sababu kodi ilikuwa nafuu, na kwa sababu mtu aliyekosa hana akili timamu. Tangu siku ya kwanza hapa kwangu picha zinawaka kwenye kila simu, milango yote miwili iko mbele, na mteja asiyeniambia anataka kufanya nini namfukuza. Nilidhani huko ndiko kulipa.

Wiki iliyopita basi alisimama hapa, amenenepa kidogo, mwavuli unachuruzika sakafuni, na msichana yule ni Divine, binti wa marehemu dada yake, anayemlea tangu mdogo. Divine anamaliza shule. Anataka kuomba uuguzi. "Mi namwambia ajaribu tu," Goreth akasema, "yeye ana akili, haiko kama mimi. Watoto wote nyumbani wanajua, mama yao alijaribu, chimie ikamushinda. Haya, Eliza, weye iko unajua. Utuchagulie kama ile mwaka." Alisema kwa upendo. Alikuwa amenitafuta duka kwa duka, akiuliza yule mama wa simu mwenye mdomo ni Eliza wa Gitega?

Nikamwambia. Nilimwambia nimesimama, kiganja juu ya kioo cha kabati, kimraba, picha, kijani, mwalimu wa plainte, wiki mbili, ujumbe nilioufuta. Sikuacha kitu isipokuwa lile la kandambili, na hata hilo nikarudi nikalisema. Divine aliacha kugusa simu. Mvua ilikuwa inapiga mabati, na Goreth alisubiri mpaka nimalize, kama alivyokuwa akimsubiri mteja mwenye kichwa kigumu.

"Donc, kumbe hawakuona jina yangu," akasema.

"Hawakuliona."

"Hakuna mutu aliniangalia, akasema huyu hapana."

"Hakuna."

"Na weye ulijua kabla sijaolewa."

"Nilijua."

Hakulia wala hakupandisha sauti. Ningeshukuru kama angenizaba kofi. Aliuokota mwavuli wake, akaukung'uta pale pale ndani, maji yakarukia maboksi yangu, akasema, "Miaka yote hii mi naogopa kufundisha watoto yangu hesabu, nisiwaharibu. Twende, Divine." Wakafika kizingitini. Pale akasimama, akageuka nusu.

"Ile bouton. Ulisema ilikuwa ya rangi gani?"

"Kijani," nikamjibu.

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akafungua mwavuli, akatoka. Hakwenda mbali. Ng'ambo ya barabara kuna jirani yangu anayeuza simu, mtu nisiyepatana naye, na kupitia mlangoni niliona kila kitu. Goreth aliomba ile pana ya rafu ya juu. Akaiwasha mwenyewe, akaingia mlango mmoja, akatoka, akaingia mwingine, Divine ameegemea bega lake. Jirani alichoka kungoja, akanyoosha mkono kumwelekeza. Goreth akausukuma ule mkono pembeni, akabonyeza mwenyewe.